Hangari ya Élisabethville: Muzungu aliyekatala kufundisha

Katika mwaka wa 1946, kule Élisabethville, muji tunaouita leo Lubumbashi, Mufaransa mumoja aliyekaribia miaka makumi sita alifungua nyumba ya kuchora picha kwa vijana weusi. Jina lake kamili lilikuwa refu, Akademia ya sanaa ya watu wa inchi, lakini watu waliita «Hangari» tu, na jina hilo ndilo lililobaki. Mufaransa huyu ni Pierre Romain-Desfossés. Ndugu wasomaji, wengi wenu mulisikia majina ya wanafunzi wake, Pilipili, Mwenze, Bela. Jina la muzungu mwenyewe linatajwa mara moja katika mustari wa kwanza, kiisha linaachwa. Mimi nataka kulikawilia, kwani ndani ya maisha yake kuna swali linalotugusa sisi wote tunaofanya kazi ya kufundisha wengine, tuwe kwenyi seminari ao kwenyi shule ya katekismu ya Musonoi.

Alizaliwa Brest, inchi ya Bretagne, katika mwaka wa 1887. Brest ni muji wa merikebu za vita, na jina la Romain-Desfossés lilikuwa jina kubwa pale. Amiral mumoja mwenye jina hilo, Joseph, alikuwa waziri wa mambo ya bahari wa Ufaransa tangu 1849 mpaka 1851. Pierre naye akawa ofisa wa bahari. Kuchora hakukuwa kazi yake ya kula. Alikuwa mutu wa nyumba ya heshima aliyepata wakati wa kuangalia, wa kusafiri, wa kushika burosi alipotaka na kuiweka alipochoka. Hakupita katika akademia yoyote ili kupata shahada ya ufundi. Alijifundisha kwa macho. Vita ya pili ya dunia ndiyo iliyomuleta upande wa Afrika ya katikati, akafika Katanga, na pale akashikwa. Hakurudi tena kukaa kwao. Alikufa Élisabethville katika mwaka wa 1954. Hangari yake iliishi miaka minane tu pamoja naye.

Miaka minane ni muda wa mufratri mumoja kumaliza filozofia na teolojia, na bado kubaki na kidogo. Lakini tuangalie kilichotoka pale.

Bela alikuwa mutu wa kabila la Sara, kule Tchad, na kwanza alikuwa mutumishi wa Romain-Desfossés mwenyewe. Siku moja alianza kuchora, na hakutumia burosi: alichovya ncha ya kidole katika rangi na kugonga karatasi, kidole baada ya kidole, mpaka nyama, mawindaji na majani vikasimama mbele ya macho kama mvua ya rangi. Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa katika mwaka wa 1914, alichora samaki, ndege, nyoka, mamba, na nyuma yao hakuacha hata mahali padogo patupu. Maji yake yana magamba, majani yake yana manyoya, na kila kitu kinahesabiwa moja moja kwa uvumilivu wa mutu anayetengeneza wavu. Mwenze Kibwanga, aliyezaliwa katika mwaka wa 1925, alifanya namna ingine: mistari mifupi, mifupi, inayolala pamoja, inayopindana, kama nyuzi za kitambaa ao kama mukeka. Watu wake hawana kivuli. Wamesukwa.

Mutu akiweka tablo tatu hizi mbele yako bila jina, utazitenganisha mara moja. Kwangu mimi hii ni sifa ya kwanza ya Hangari, na ni sifa kubwa. Mwalimu mubaya anatambulikana kwa kuwa wanafunzi wake wote wanaandika kwa mukono wake. Hapa hakuna mukono wa Mufaransa. Aliwapa karatasi, rangi, paa la kukaa chini yake na amani, akawaambia waende kuangalia pori na warudi kuchora walichoona ao walichokumbuka. Hakuwapa plasta ya kichwa cha Mugriki wainakili. Hakuwafundisha sheria ya kuonyesha umbali, ile sheria wazungu waliyoitengeneza kule Italia zamani. Hakusahihisha.

Wanafilozofia wa seminari watacheka kidogo, kwani wamekwisha kutambua mahali tunapokwenda. Mutakatifu Thomas wa Akwino, katika maswali yake juu ya ukweli, anauliza kama mutu anaweza kumufundisha mutu. Anajibu kwa mufano wa munganga: asili ya mugonjwa ndiyo inayoponya, munganga anasaidia tu, na mwalimu vilevile anasaidia nuru iliyokwisha kuwa ndani ya mwanafunzi. Romain-Desfossés, nisipojidanganya, hakuwa mutu wa kusoma Thomas jioni. Lakini kazi yake inasimama upande huo. Aliamini kwamba ndani ya kila Mwafrika mumekwisha kulala namna ya uzuri, kumbukumbu ya kale ya taifa lake, na kwamba kazi ya mwalimu ni kuiamsha bila kuiharibu.

Na tukumbuke muji na wakati. Katika mwaka wa 1945, mwaka mumoja tu mbele ya Hangari, katika Élisabethville ileile, kitabu cha Padri Placide Tempels juu ya filozofia ya Wabantu kilitolewa kwa Kifaransa. Wazungu wawili, mumoja Mufransisko wa Ubelgiji, mwingine ofisa wa bahari wa Ufaransa, na wazo moja: mutu mweusi hayuko karatasi nyeupe. Ana mawazo yake, ana uzuri wake. Leo tunasikia neno hilo tukipiga miayo. Wakati ule, katika muji wa Union Minière, ambamo mutu mweusi alihesabiwa kwa namba ya kazi na kilo za unga, lilikuwa neno la kushangaza wengi. Sitaki tulipunguze.

Lakini sasa nifike kwenyi shida yangu.

Thomas hakusema munganga amukataze mugonjwa chakula chote kinachotoka inje ya nyumba yake. Romain-Desfossés alifanya karibu vile. Aliogopa shule ya Ulaya isije ikawachafua vijana wake, akawachunga. Angaliacha wachague! Lakini namna gani wachague kitu ambacho hawakuonyeshwa? Yeye mwenyewe alikuwa mutoto wa nyumba yenye jina. Alizaliwa katika inchi yenye vitabu na nyumba za picha, alikuwa na wakati wa kuvipenda na wa kuvichoka, kiisha akavitupa na kusema: uzuri safi uko huku, kwenyi chemchemi. Alikuwa na haki ya kuvitupa kwa kuwa vilikuwa vyake. Mutu aliyeshiba akiacha chakula, tunasema anafunga, na kufunga kwake kuna mastahili. Mutu asiyekuwa na chakula hafungi. Ana njaa tu. Mufaransa yule alifunga, na alidhani kwamba wanafunzi wake nao wanafunga pamoja naye.

Kujifundisha mwenyewe kwa mutu wa nyumba kubwa hakufanani na kujifundisha mwenyewe kwa mutoto wa kijiji. Mumoja alikatala shule, mwingine alinyimwa. Wote wawili wanaitwa kwa jina lilelile, «fundi aliyejifundisha», na watu wa nyumba za picha wa Paris wanalipenda jina hilo sana, kwani linapandisha bei. Muniwie radhi kwa ukali huu.

Wanaoandika juu ya Hangari wanasema kwamba Romain-Desfossés aliishi na wanafunzi wake kama baba katikati ya watoto. Sina shaka kwamba alikuwa baba mwema. Lakini sisi watu wa Kolwezi tuna kipimo chetu cha neno «baba» katika mambo kama haya, kwani Tempels alipofika kwetu, katika miaka ya 1950, Jamaa ilizaliwa kati ya wafanyakazi wa migodi. Wazee wetu waliita Tempels baba. Lakini yeye mwenyewe alishuhudia kwamba watu hawa ndio waliomubadilisha. Kwamba alikuja kufundisha na akakutana. Kwamba katika kukutana yeye pia alizaliwa. Historia ya Jamaa ina miiba yake, maaskofu wetu walihangaika nayo, na sitaiingia hapa. Nataka kuonyesha paka hii: baba anayekubali kuzaliwa na watoto wake, na baba anayelinda watoto wasikomae, hawako baba wamoja. Je, katika Hangari nani alimubadilisha nani? Tablo za Mwenze zinaweza kumufundisha mutu yeyote kitu juu ya kuchora. Muzungu alijua hilo, alisifu, aliuza, aliandika. Lakini Mwenze hakupewa nafasi ya kumukatalia baba yake na kusema: Mimi nataka kuona hicho kichwa cha Mugriki, nikitupe mimi mwenyewe.

Kuna jambo lingine, na hili linaniuma kupita lile la kwanza. Nimeangalia picha nyingi za Hangari, katika vitabu na kwenyi kuta. Nimeona swala, samaki, kunguru, moto wa pori, mawindaji, ngoma, wanawake kwenyi mutungi. Bomba kubwa la moshi la Lubumbashi, linaloonekana toka kila upande wa muji, sijaliona. Sijaona reli. Sijaona site na nyumba zake za mistari. Vijana hawa waliishi katika muji wa shaba, walikula posho ya muji wa shaba, na katika muji huohuo, Desemba 1941, miaka mitano tu mbele ya Hangari, askari walifyatua bunduki juu ya wafanyakazi wa Union Minière waliogoma, wakaua makumi ya watu. Damu ile haikuingia katika karatasi hata moja niliyoiona. Uzuri wa kale uliingia, na uzuri huo ni wa kweli. Lakini mambo ya sasa yaliachwa kwenyi mulango pamoja na viatu.

Atakayejibu kwamba fundi yuko huru kuchora samaki, nakubali. Pilipili alikuwa mutoto wa muvuvi, na samaki wake ni kati ya vitu vyenye furaha kupita vyote vilivyochorwa katika Kongo. Siombi wote wachore vita. Nauliza tu kama uhuru uliolindwa namna ile ulikuwa mukubwa kiasi gani, ikiwa watu wote, kwa mikono tofauti sana, waliangalia upande mumoja.

Mulinganishe na Tshibumba Kanda Matulu. Yeye alizaliwa Élisabethville katika mwaka wa 1947, Hangari ikiwa na mwaka mumoja. Hakuwa na muzungu wa kumupa paa. Alichora kwenyi magunia ya unga, aliuza picha kwa watu wa site kwa makuta kidogo, alitembea toka muji hadi muji wa Katanga kutafuta wanunuzi. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia yote ya inchi, picha zaidi ya mia moja, akiziongozea maneno yake kwa Kiswahili chetu mbele ya mwalimu Johannes Fabian, aliyezitoa katika kitabu katika mwaka wa 1996. Mugomo wa 1941 umo. Léonard Mpoyi, kiongozi wa wagomaji, umo mwili wake. Lumumba yumo. Mukono wa Tshibumba hauna utamu wa Mwenze, na wakati mwingine nyuso zake zote ni ndugu. Sitadanganya kwa kusema kwamba ni fundi mukubwa kupita Mwenze katika rangi. Lakini alichukua ruhusa ambayo hakuna aliyemupa. Na alipotea karibu na mwaka wa 1981 bila mutu kujua alikokwenda, kwa kuwa hakuwa na baba wa kumutafuta. Munaona: yule aliyelindwa alinyamaza juu ya muji, na yule aliyesema juu ya muji hakulindwa.

Wala tusiseme kwamba uchoraji wa Katanga ulianza na Hangari. Miaka makumi mbili mbele yake, katika 1926, kule Bukama, mahali Lualaba inapoanza kubeba merikebu, mutumishi mumoja wa serikali ya Ubelgiji, Georges Thiry, alikuta nyumba za udongo zilizochorwa, akauliza nani alizichora. Alikuwa Albert Lubaki, mutu wa kuchonga pembe. Thiry alimupa karatasi na rangi za maji. Picha za Lubaki zilionyeshwa Brussels katika mwaka wa 1929, na Geneva katika mwaka uliofuata. Lubaki alikuwa amekwisha kuchora pasipo Thiry, kwenyi ukuta wake, kwa majirani wake. Muzungu aliongeza karatasi. Karatasi si kitu kidogo, kwani ukuta wa udongo hauwezi kupanda merikebu. Lakini tulipe kila mutu kilicho chake. Na tuone vilevile mwisho: wazungu wale walipoacha kumutafuta, jina la Lubaki lilizama.

Hapa naweka jambo moja la kando, juu ya rangi yenyewe. Zamani wafundi wa Ulaya walisaga malakita ili kupata kijani chao. Malakita hiyo sisi wa Kolwezi tunaikanyaga. Watoto wanaiuza kando ya barabara kama majivu ya sigara na mamba madogo ya mezani. Rangi za Hangari zilinunuliwa dukani. Muzungu aliyetafuta chemchemi safi ya Katanga katika roho za vijana hakuinama, kadiri ninavyojua, kuokota kijani kilichokuwa chini ya viatu vyake. Silaumu, naona tu kwamba inchekesha.

Romain-Desfossés hakuwa peke yake katika wazo lake. Kule Brazzaville, Mufaransa Pierre Lods alifungua nyumba ya Poto-Poto katika mwaka wa 1951 kwa namna ileile ya kutofundisha. Upande wa mashariki, kule Makerere, Margaret Trowell alianza shule yake katika mwaka wa 1937. Yeye pia aliogopa kuwaharibu wanafunzi, lakini alikuwa ndani ya shule kubwa, penye vitabu na mitihani, na hofu yake haikuweza kufunga milango yote. Kutoka kwake alitoka Elimo Njau wa Uchaga, aliyechora ukutani mwa kanisa la Waanglikana la Murang'a, katika inchi ya Kenya, maisha ya Bwana wetu toka kuzaliwa mpaka musalaba, Yesu mweusi katikati ya milima na migomba ya Wakikuyu. Na kanisa hilo lilijengwa kwa ukumbusho wa waliokufa wakati wa Mau Mau. Mufundi yule aliweka damu ya jana na Injili katika ukuta mumoja. Nani katika Hangari angaliweza kuombwa kazi hiyo? Uwezo wa mukono ulikuwapo, tena mwingi. Mwenze na misalaba! Ninawaza mara nyingi Njia ya Musalaba iliyosukwa kwa mistari ile. Hakuna aliyemuomba, na lawama hiyo siiweki juu ya Mufaransa. Wakati ule parokia zetu ziliagiza plasta kwa merikebu.

V. Y. Mudimbe, mutoto wa Likasi, aliyepita katika monasteri ya Wabenediktini mbele ya kuwa mwalimu wa vyuo vikubwa, aliandika juu ya Romain-Desfossés katika kitabu chake cha mwaka wa 1994 juu ya wazo la Afrika. Hakumucheka. Alionyesha kwamba ile «kumbukumbu ya kale» iliyosifiwa ilikuwa kwa sehemu kubwa wazo la Mufaransa mwenyewe, naye akaliweka ndani ya vichwa vya watu weusi, kiisha akalikuta humo na kulishangilia. Nadhani Mudimbe amesema kweli, lakini anaacha kitu. Hata wazo la uongo lilitoa tablo za kweli. Wafundi wana namna ya kukubali baba kwa midomo na kufanya yao kwa vidole. Bela hakugonga karatasi kwa kidole kwa sababu ya nadharia ya kumbukumbu ya kale. Aligonga kwa kuwa kidole kilikuwa karibu na kilimupendeza.

Na wazo lile halikufa na muzungu. Katika miaka ya 1970 serikali ya Mobutu ilituambia sisi wote turudi kwenyi chemchemi: majina ya ubatizo yaliondolewa katika mwaka wa 1972, na Kardinali Malula alipoinua sauti ilimupasa kukaa Roma miezi kadhaa. Wakati huu aliyetuambia tubaki safi alikuwa mweusi kama sisi, na watoto wake walisoma Ulaya. Tena mutu aliyeshiba alitangaza mufungo kwa wenye njaa.

Ni kitu gani kilitokea Hangarini baada ya 1954? Baba alipokufa, nyumba ilifungwa, na wanafunzi walipokelewa katika Akademia ya Sanaa ambayo Mubelgiji Laurent Moonens alikuwa ameifungua katika Élisabethville tangu 1951. Ni ileile shule ya sheria na vipimo ambayo Romain-Desfossés aliiogopa. Pilipili na Mwenze waliingia, nao wakawa walimu ndani yake. Kama woga wa Mufaransa ungalikuwa wa haki, mikono yao ingaliharibika pale, katikati ya plasta na mitihani. Haikuharibika. Pilipili aliendelea na samaki wake mpaka uzee, akafa katika mwaka wa 2007. Mwenze, aliyefariki katika 1999, alisuka mistari yake mpaka mwisho, na katika mwaka wa 2015 kazi zao na za Bela ziliwekwa pamoja na za Lubaki kule Paris, katika maonyesho makubwa ya Fondation Cartier juu ya miaka makumi tisa ya sanaa ya Kongo. Walioona mistari ya Mwenze ya kabla ya akademia na ile ya kiisha wanajua kwamba ni mukono uleule, na kwamba ule wa nyuma unasimama imara zaidi.